Utarudi, Alisema Bwana Mganga

Radi ilipiga mfenesi wa jirani yangu alasiri moja ya masika, nami nimekaa barazani nachambua mchicha. Sikushtuka sana. Kwa umri wetu huu, wenzangu, mtu unaogopa nini tena? Labda kuteleza bafuni. Lakini baada ya ule mshindo ikaja harufu, na harufu ndiyo iliyoniweza. Ilikuwa harufu ya hewa iliyoungua, kali puani, baridi baridi ingawa imetokana na moto, yenye utamu wa mbali ambao ukiutafuta huupati. Mkono wangu ukabaki hewani na jani la mchicha. Ndani ya nyumba mjukuu wangu Hamisi alikuwa anakariri somo lake kwa sauti ya kuimba, kwa kuwa mwalimu wao hataki mtoto anayesitasita, nami nilimsikia jinsi mtu anavyoisikia mvua, bila kumsikiliza. Nilikuwa nimeshaondoka zangu. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba chenye giza, kule pwani, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, nimekumbatia kaniki ya mama yangu iliyokunjwa, nikingoja wanirudishie mwenye kaniki yake.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Tulikaa juu ya Kilakala, pale mlima unapoanza kukaza na miguu inapoanza kuomba msamaha. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka kileleni ukaingia ndani bila hodi, ukakaa nasi mpaka moto ushike vizuri, kisha ukatoka polepole kwa mlango ule ule. Baba sikumjua. Alichukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi upande wa Kisaki nikiwa bado nanyonya, na habari zake zikaishia hapo. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake Mama, na mwenye kauli alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Mama alichimba udongo bondeni, akauponda, akauchanganya na vigae vilivyosagwa, halafu akakijenga chungu kwa vidole, ameinama, yeye mwenyewe akikizunguka kinyumenyume. Hilo la kuzunguka ndilo ninaloliona hata leo nikifumba macho. Chungu kilitulia, Mama ndiye aliyezunguka, na ushanga wake wa shingoni, wa buluu na mweupe, uligongana taratibu, cha, cha, cha. Usingizi wangu wa mchana ulikuwa wa mlio huo.

Mlio ulikatika siku moja, nikaamka. Nilimkuta Mama amesimama, mkono shingoni, anajipapasa chini ya taya la kushoto kwa uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau alikokiweka. Palikuwa na kijiuvimbe, kadiri ya punje ya kunde. Hakikuuma. Baada ya muda kikawa kadiri ya tunda la zambarau, na zambarau ikapata wenzake, wakajipanga shingoni hadi juu ya bega. Ushanga ukawa unambana. Akauvua, akautia ndani ya kichungu kidogo juu ya dari, na tangu hapo akawa anafinyanga kimya kimya. Mimi nilikasirika. Sikuukasirikia ugonjwa, maana sikujua kama ni ugonjwa. Niliukasirikia ushanga kwa kuninyima mlio wangu.

Bibi alimchua kwa majani, akamchanja chale, akamfukiza. Majirani nao hawakukosa neno. Yule alisema ni mizigo ya vyungu anavyopeleka soko la Mlali kichwani, huyu akasema ni tezi tu, itapita. Mama akawa anakonda. Alitokwa jasho hata katika baridi ya alfajiri ya mlimani, kaniki ikaloa, na Bibi akaianika kila kukicha.

Mjomba ndiye aliyekata shauri. Alikuwa akifanya kazi stesheni ya Morogoro, kazi ya kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa, na kwake yeye kitu chochote chenye chuma na mvuke kilikuwa muujiza uliotufikia sisi watu wa bahati. Alipanda kuja kwetu na mikono yake myeusi ya mafuta, akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchafua mkeka wangu?"

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu. Kule pwani yuko Bwana Mganga wa Kidachi mwenye taa. Taa yenyewe haiwashwi kwa mafuta. Wanakuwekea shingoni, huisikii moto wala baridi, uvimbe unayeyuka."

"Taa isiyo na moto," Bibi akasema. "Na wewe umeamini."

"Mama, hata gari la moshi ulisema halitapanda kutoka pwani. Halikupanda?"

Bibi akamkata jicho, kisha akamgeukia Mama. "Na wewe unasemaje?"

Mama alikuwa anasugua ubavu wa chungu kwa gunzi la mahindi. Hakuinua macho. "Nitakwenda," akasema, "lakini na huyu. Bila huyu sitoki hapa." Huyu ndiye mimi. Nikajiona mtu mkubwa ghafla.

Safari ya gari la moshi sitawachosha nayo. Ninakumbuka milima yetu ikirudi nyuma, ikififia, na mimi nikiamini kabisa kwamba sisi tumekaa pale pale na milima ndiyo inayotukimbia. Nilimwuliza Mama imekosewa nini. Mama akacheka, akaniambia itatungoja. Kule pwani bahari sikuiona. Niliisikia tu nyuma ya ukuta wa hospitali, inavuta pumzi na kuishusha mchana kutwa, nikadhani ni mgonjwa mmoja mkubwa sana aliyelazwa upande wa pili. Wagonjwa walilala ndani, na sisi jamaa zao tulipika uani chini ya kibanda cha makuti, moshi umejaa machoni.

Halafu kikaja kile chumba. Madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi, na katikati palikuwa na meza, na juu ya meza tufe la kioo limeshikwa na mkono wa chuma. Walimlaza Mama, wakamfunika kifua na uso kwa bamba zito la rangi ya mawingu, wakaacha shingo tu. Mimi nilitolewa nje, lakini mlango ule haukufunga vizuri. Nikasikia mtatariko, trrr, kama mbaazi kavu zinapasuka juani, na lile tufe likawaka kijani, kijani cha wadudu wa bondeni wakati wa masika. Ndipo harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ile ile ya mlimani radi inapopiga karibu! Mambo yote yakanikaa sawa kichwani. Kumbe Wadachi wameikamata radi, wakaifunga ndani ya chupa, wakaifundisha adabu, na sasa inamlamba mama yangu shingo polepole badala ya kumpasua. Niliogopa, lakini zaidi nilijivuna. Nani mwingine Kilakala nzima mama yake amelambwa na radi akainuka?

Pale hospitalini tulimpata mtani. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyekuja zamani na misafara ya pembe za ndovu, akaoa Kisaki, akabaki huko huko. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani, mnajua wenyewe, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kujuana. Siku ya kwanza tu alimtazama Mama shingo akasema, "Lo, Mluguru wewe! Kiazi hicho umekimeza kizima kwa kuogopa kutukaribisha?"

"Na wewe," Mama akamjibu hapo hapo, "si umebeba pembe za watu mpaka kibofu kimekuchoka? Waliosikia Mnyamwezi hachoki waje waone."

Wakacheka mpaka wagonjwa wengine wakainua vichwa. Maana mzee alikuwa anakojoa damu, miezi na miezi, na chini ya kitovu pamejaa kitu kigumu ambacho Bwana Mganga alikibonyeza na kutikisa kichwa. Naye walimjaribia taa. Haikumsaidia. Alituletea habari mwenyewe pale uani, akijishikiza na fimbo yake. "Wanasema taa yao haifiki kwangu. Shingo ya Mluguru iko nje nje, mlangoni, hata kuku anaifikia. Mimi kibofu changu kiko chumba cha ndani, hakina dirisha. Basi, wamenipa ruhusa, nikale nyumbani."

Roho iliniuma kwa wivu. Huyu amekuja juzi tu, kapewa ruhusa, amepona, na mama yangu bado analazwa mezani! Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba Mungu anampenda. Mzee akaniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, akasema, "Kweli mtani, sana." Mama akageuka upande akajifanya anapuliza moto. Siku alipoondoka, mzee alimwachia Mama kikopo chake cha ugoro akamwambia ni mahari, kwa kuwa atakapokufa yeye, Mama ndiye mjane atakayetaniwa msibani. Nilikuwa sijaona mtu mwenye furaha ya kupona kama ile.

Shingo ya Mama ikababuka ngozi, ikawa nyeusi ya kuungua, sauti ikakwaruza, chakula kikawa hakipiti ila uji. Lakini kitu cha ajabu, uvimbe ukaanza kulegea. Nilipewa ruhusa ya kupapasa kila asubuhi, na kila asubuhi vidole vyangu vilizama zaidi. Zambarau zikarudi kuwa kunde. Kunde zikapotea. Siku moja nikapapasa shingo ya mama yangu nikakuta shingo, basi, laini, na mshipa wake ukipiga chini ya kidole changu.

Siku ya mwisho Bwana Mganga alimwita. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu za rangi ya katani, na mikono yake ilikuwa na vidonda visivyokauka, vya radi yake mwenyewe nadhani. Alisema Kidachi, na mkalimani, mtu mzima wa Tanga mwenye kanzu safi, akageuza. Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu.

"Anasema, umekwisha," akasema mkalimani.

Umekwisha! Mtu akikuambia umekwisha, si ndio basi tena? Lakini nikamwona Mama anatabasamu, tena tabasamu pana, meno yote nje, nikashindwa kuelewa. Bwana Mganga akaendelea kusema, taratibu, akiangalia mikono yake. Mkalimani akakohoa kidogo.

"Lakini utarudi," akasema.

"Utarudi?" Mama akauliza.

"Utarudi. Anasema hakuna shaka."

"Lini?"

"Labda masika moja, labda mawili. Hakuna ajuaye. Ila utarudi."

Nikashusha pumzi. Alhamdulillahi! Kumbe hajaisha, atarudi nyumbani! Nikaanza kurukaruka pale pale mlangoni. Mama tabasamu lilikuwa limemkauka usoni, akawa anaikunja pembe ya kaniki yake na kuikunjua, nami nikadhani kumemwuma kule kuambiwa masika moja au mawili, mbali hivyo. Nikamshika mkono nikamnong'oneza kwamba asijali, huyu Mdachi hana habari, gari la moshi lipo. Na kweli, baada ya siku chache tu tulikuwa ndani ya behewa, milima yetu inakuja mbio kutupokea, nami nikamcheka sana Bwana Mganga. Anakamata radi, lakini hajui Morogoro ni karibu.

Bibi alitukuta njiani. Alimshika Mama shingo kwa mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku kama anakagua chungu sokoni, akatafuta ufa, hakuuona. Akapiga kigelegele ambacho sikujua kama kifua chake kinakiweza. Jioni, wanachambua maharage, akauliza, "Na Mdachi mwenyewe kasemaje?"

"Kasema utarudi," Mama akajibu.

Mkono wa Bibi ukasimama ndani ya ungo. Nikaona niwasaidie, maana watu wazima hawa wakati mwingine wazito. "Bibi, si amesharudi? Huyu hapa!" Wakatazamana. Mama akaanza kucheka, akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanivuta kifuani. "Ndiyo," akasema, "nimerudi, mwanangu. Huyu hapa." Bibi akainama akaendelea na maharage.

Mwaka uliofuata ndio utoto wangu wote. Vitu vingine nilivyovipitia navikumbuka kwa kuambiwa, ila mwaka ule ni wangu. Mama alishusha kile kichungu darini, akauvaa ushanga, ukamkaa vizuri kabisa, mlio ukarudi. Lakini safari hii hakuniacha nilale. "Amka, njoo hapa. Leta vidole." Alinifundisha kuuonja udongo kwa ulimi, kujua wenye mchanga na usio na mchanga. Alinifundisha kusugua kwa kijiwe cha mtoni mpaka chungu king'ae kikiwa bado kibichi, kukikausha kivulini kisione jua, kukipanga kwenye nyasi na magome siku ya kuchoma na kuusikiliza moto unavyosema. Tuliongozana kila mahali, bondeni, mtoni, Mlali na vyungu vichwani, ukungu mbele yetu ukifunguka kidogo kidogo, na yeye akizungumza njia nzima utadhani maneno yanaoza yakikaa.

Halafu akaanza kunifundisha mtungi. Hapo Bibi akaja juu. Mtungi mkubwa wa maji, kwetu, hakufundishwa mtoto. Ulingoja uvunje ungo, uwekwe ndani uwe mwali, utolewe na ngoma, ndipo wakuonyeshe, kwa kuwa mtungi ni tumbo la mama mwenye nyumba na si mchezo wa vitoto.

"Unamharakisha nini mtoto?" Bibi aliuliza. "Kifua chenyewe ubao mtupu. Ngoja ungo uvunjike."

"Mama," Mama akasema, na sauti yake ile ya kukwaruza ikashuka, "siwezi kuungoja ungo."

Nilisubiri Bibi amgombeze. Bibi hakugombeza. Alikwenda bondeni mwenyewe, mzee yule, akarudi na udongo kichwani, akautua mbele yangu. Mimi nilijua tu kwamba nimeshinda wenzangu wote wa rika langu. Nilitembea kijijini na kiburi kisichoelezeka.

Mitungi yangu ilipasuka. Wa kwanza ulipasuka ukikauka, mwingine motoni, mwingine ukanywea kabla sijaufunga mdomo. Mama hakunifariji hata. "Anza tena," basi. Na wakati huo ushanga wake ukawa unaanza kumbana. Niliona mimi kwanza, kwa sababu mlio ulibadilika, ukawa mzito, punje hazichezi. Nikamwambia, "Mama, uzi umesinyaa. Umeufulia maji ya moto?"

Alijishika shingo. "Nyuzi za siku hizi," akasema. "Kesho tutaongeza."

Tukaongeza uzi. Uzi mpya nao ukasinyaa. Niliutukana uzi ule na Mwarabu aliyetuuzia, nikaapa nitakwenda dukani kwake kumrushia. Jamani, nilivyokuwa na hasira na uzi! Mwishoni Mama aliuvua ushanga akanivika mimi. Kwangu ulining'inia hadi kifuani, na nilipoinama kwenye udongo ukaanza kulia, cha, cha, cha. Yeye akalala kwenye mkeka, akafumba macho, akasikiliza.

Mtungi uliokubali ulitoka motoni mwanzoni mwa masika. Ulikuwa umepinda kidogo begani, lakini haukuwa na ufa. Mama aliugonga kwa kucha, ukalia vizuri. "Nenda mtoni," akaniambia. "Mtungi hauitwi mtungi mpaka urudi na maji." Nikaenda. Njia ilikuwa na utelezi, nikapanda nayo maji yale kichwani, shingo imekaza, nikihesabu kila hatua, na ukungu ulikuwa mnene kiasi kwamba nyumba yetu niliijua kwa harufu ya moshi wake.

Nilipofika uani, Mjomba alikuwa amesimama, amevaa koti lake la stesheni. Mama amekaa kizingitini, kaniki safi, kitambaa kimezungushwa shingoni mpaka masikioni. Kifurushi kilikuwa miguuni. Nikaelewa kwamba anapelekwa tena pwani, na safari hii hakuna aliyesema, "lakini na huyu."

"Unakwenda tena?" nikapiga kelele na mtungi wangu kichwani. "Kwa nini? Si Bwana Mganga alisema utarudi?"

Mama alinitazama. Sijaona uso wenye upendo kama ule tena, na nimepewa watoto na wajukuu.

"Alisema utarudi," akajibu polepole. "Na umerudi."

"Nimerudi, Mama!" nikasema. "Na hata tone halikumwagika."

Akacheka. Akaomba maji. Nikamshushia, nikamchotea kwa kata, akanywa kwa shida, matone mengine yakamshukia kidevuni, akasema ni matamu. Kisha Mjomba akamwinua, wakashuka, ukungu ukawachukua kuanzia miguuni.

Taa haikufua dafu mara ya pili. Mjomba alieleza hivyo aliporudi peke yake na gari la mchana: kwamba shingo ilikubali kama kwanza, lakini ugonjwa ulikuwa umeshahamia tumboni, chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Alizikwa huko huko. Nililia kwa kuwa nyumba nzima ililia. Moyoni nilikuwa na neno langu. Bwana Mganga alisema utarudi, hakuna shaka, na mkalimani alirudia. Basi kila niliposikia honi ya gari la moshi nilishuka Kilakala mbio hadi stesheni, ushanga ukinigonga kifuani, nikakaa juu ya magunia, na Mjomba akanipa muwa, hakunifukuza. Hakuna aliyeniambia niache kungoja au niendelee. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka na radi yao, nami nikavunja ungo, nikawekwa ndani, nikatolewa. Wenzangu walipofundishwa mtungi mimi nilikuwa nawasahihisha. Kungoja kukaisha kwenyewe, sijui siku gani. Kilichobaki ni kinyongo kidogo kwa yule mganga, mtu mzima mwenye ndevu, aliyemwahidi mtoto uongo.

Basi, alasiri ile ya mfenesi, harufu ilipokuwa inapungua na mvua inaanza kudondoka kwenye bati, ndipo masikio yangu yakamfikia Hamisi. Alikuwa bado anaimba somo lake. "Ukuta. Ukuta utaanguka. Ubao. Ubao utavunjika. Uzi. Uzi utakatika."

"Hebu rudia," nikamwambia kutoka nje.

"Uzi utakatika, Bibi."

"Ni nani huyo utakatika?"

"Ni uzi," akasema, kwa uvumilivu wanaotupa sisi wazee. "Si wewe. Ni uzi."

Mchicha ukanimwagika miguuni. Nikakaa pale na mvua inanirukia, nikasema kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi: uvimbe. Uvimbe umekwisha. Uvimbe utarudi. Lugha yangu mwenyewe, niliyoinyonya, niliyoisema maisha yangu yote, nikawa naililia kama mtoto. Yule mganga hakuahidi chochote. Bibi alijua tangu kwenye ungo wa maharage. Mtani wa Kisaki alijua yake alipopewa ruhusa. Na Mama, siku ile ya ukungu, alipoulizwa na mtoto aliyesimama mbele yake na mtungi kichwani, hakunidanganya hata kidogo. Alitafuta neno moja la kunieleza yote, akaniambia usoni, kwa upole, kwamba umerudi.

Nami nikamjibu kwa furaha, nimerudi, Mama, na hata tone halikumwagika.